Kichambuzi Hujibu Swali Lake, si Lako

Chukua mradi wowote wa kawaida wa Java uliojengwa juu ya Spring Boot, uiambie Maven ichambue vitegemezi vyake kwa amri ya dependency:analyze. Karibu kila mara utarudishiwa orodha mbili za kutia wasiwasi. Ya kwanza inadai umetangaza maktaba usizozitumia, na humo utaikuta spring-boot-starter-web, yaani ile ambayo mradi mzima umeiegemea. Ya pili inadai unatumia maktaba ambazo hukuzitangaza: spring-web, spring-context na ndugu zake. Ukiitii orodha ya kwanza na kufuta unachoambiwa hukitumii, mradi unaanguka hapo hapo.

Hesabu ya chombo haina kosa. Starter ni JAR isiyo na klasi za kuitwa. Kazi yake ni kubeba faili la pom linalotaja maktaba nyingine, ili wewe usizitaje moja moja. Kichambuzi nacho kinafungua mafaili yako yaliyokwisha kukompailiwa, kinasoma majina ya klasi yaliyotajwa humo, kisha kinatafuta kila jina limetoka JAR ipi. Starter haina klasi ya kutajwa, basi kwa kipimo hicho haitumiki. Swali ambalo chombo kimejibu ni hili: je, baitikodi yako imetaja klasi yoyote ya JAR hii? Swali ulilodhani umeuliza ni jingine kabisa: je, nikiiondoa JAR hii, programu yangu itaendelea kufanya kazi? Majibu ya maswali hayo mawili hulingana mara nyingi, ndiyo maana chombo kina faida. Yanapoachana, onyo la uongo huzaliwa. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya maonyo ya uongo katika ukoo huu wa vyombo, viwe vya kusafisha vitegemezi au vya kusaka matundu ya usalama, yana asili hiyo moja. Ndiyo maana siamini kwamba dawa yake ni kununua chombo cha bei kubwa zaidi.

Mahali maswali yanapoachana panajulikana. Kompaila ya Java ikikuta thamani isiyobadilika iliyotangazwa static final, hunakili thamani yenyewe ndani ya klasi yako. Wakati wa kuendesha hakuna tena safari ya kwenda kuisoma kule ilikotoka. Maktaba uliyoichukua kwa ajili ya namba moja ya bandari inaweza kuonekana haina kazi. Nyaraka za Maven zenyewe zinaonya juu ya hilo, na matoleo ya karibuni yamejaribu kuziba pengo hilo kwa kiasi. Lombok ni kisa kingine. Anotesheni zake kama @Getter huishi katika msimbo wa chanzo tu. Kompaila ikishamaliza nazo, haziingii kwenye faili la klasi. Kichambuzi kikija baadaye hakikuti hata unyayo.

Vipo pia viendeshi vya hifadhidata, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Unapounganisha programu na PostgreSQL, kwa kawaida hakuna mstari hata mmoja wa msimbo wako unaotaja klasi ya kiendeshi chake. Java hukigundua wakati wa kuendesha kwa kusoma faili dogo lililo ndani ya META-INF/services. Kwa macho ya kichambuzi, kiendeshi hicho ni mzigo usio na mwenyewe. Sasa linganisha matokeo ya kutii. Ukifuta Lombok, ujenzi unagoma dakika ile ile, unacheka, unarudisha. Ukifuta kiendeshi cha PostgreSQL, kompaila inapita bila neno. Majaribio yanayotumia hifadhidata ya kumbukumbu kama H2 yanapita. Kontena linatengenezwa na kupelekwa kwenye seva. Kule ndiko programu inagoma kuwaka, ikilalamika kwamba haioni kiendeshi kinachofaa, na huenda aliyefuta mstari ule yuko likizo. Onyo la uongo ambalo kulitii kunaumiza papo hapo ni usumbufu. Ambalo maumivu yake hucheleweshwa hadi kwa mteja ni hatari, na chombo huyaandika yote mawili kwa rangi ile ile ya njano.

Lugha nyingine zina vituko vyake. Katika Python unasakinisha PyYAML lakini katika msimbo unaita yaml. Pillow unaiita PIL, scikit-learn unaiita sklearn, beautifulsoup4 unaiita bs4. Chombo kisicho na jedwali la kuoanisha majina haya kitakutangazia mambo mawili ya uongo kwa mpigo: kwamba PyYAML haitumiki na kwamba yaml haikutangazwa. Katika JavaScript, programu-jalizi za Babel, na za ESLint katika mipangilio ya mtindo wa zamani, hutajwa kama maandishi tu ndani ya faili la mipangilio, kwa hiyo anayesaka amri za import hawezi kuziona. Kwenye Rust navutiwa na uungwana wa cargo-machete. Husaka majina kwa ruwaza bila kuukompaili msimbo, na waliokiandika wamekiri wazi katika maelezo yake kwamba ni cha haraka lakini si sahihi. Mwenzake cargo-udeps hukompaili kwanza, huchelewa, na huona zaidi. Anayejua tofauti hiyo hatalalamika kwamba ameongopewa.

Tukihamia upande wa usalama, swali linabadilika na dau linapanda. OWASP Dependency-Check ni chombo cha bure ambacho miradi mingi ya Java imekitegemea kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi yake ni kuzilinganisha maktaba zako na kumbukumbu za udhaifu katika hifadhidata ya NVD ya Marekani. Tatizo ni kwamba NVD hutambulisha bidhaa kwa mfumo uitwao CPE, wenye jina la mtengenezaji, jina la bidhaa na namba ya toleo, ilhali JAR haiji na kitambulisho hicho. Chombo hulazimika kukusanya ushahidi kwenye jina la faili, manifesti na pom, kisha kubashiri CPE inayofanana zaidi. Ni kama kumkamata kila Juma Hamisi wa Kariakoo kwa kuwa yupo Juma Hamisi mmoja anayetafutwa. Waliokitengeneza hawafichi: nyaraka zao zinasema kinaweza kuonya bure na kinaweza pia kupitwa. Hifadhidata mpya kama OSV, iliyoanzishwa na Google mwaka 2021, hutaja kifurushi kwa jina lile lile linalotumika kwenye ghala lake, na hapo makosa ya majina hupungua sana. Ila jina likishapatikana sawasawa, bado toleo linaweza kupotosha.

Kisa cha Heartbleed kinaonyesha hilo vizuri. Tundu hilo la OpenSSL, lenye namba ya usajili CVE-2014-0160, lilitangazwa Aprili 2014 likigusa matoleo kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f, na dawa ikatolewa katika 1.0.1g. Debian na Red Hat hawakuwahamishia watumiaji wao kwenye 1.0.1g. Walichukua kiraka, wakakishona kwenye toleo walilokuwa nalo, 1.0.1e, na kubadilisha mkia tu: kwa Debian ikawa 1.0.1e-2+deb7u5, kwa Red Hat 1.0.1e-16.el6_5.7. Huo ni utaratibu wao wa siku zote, ili seva ya benki isibadilishiwe tabia ghafla. Chombo kinachosoma herufi za mwanzo tu kinaona 1.0.1e na kupiga king'ora kwa seva iliyokwisha kutibiwa. Mkaguzi asiyeujua utaratibu huo ataandika kwenye ripoti kwamba seva iko wazi, na msimamizi wake atatumia juma zima kujitetea kwa jambo alilokwisha kulimaliza.

Mwaka 2021 ndio ulioweka kila aina ya upotofu mezani kwa wakati mmoja. Log4Shell, CVE-2021-44228, ilipofichuka Desemba mwaka huo, msimbo wenye tundu ulikuwa ndani ya log4j-core, na kiini chake kilikuwa klasi ya JndiLookup. Maktaba ya log4j-api ni violesura tu, na log4j-to-slf4j kazi yake ni kupeleka ujumbe kwa mfumo mwingine wa kumbukumbu. Timu ya Spring ilitangaza siku zile zile kwamba hizo mbili peke yake hazishambuliki kwa tundu hilo, na kwamba Spring Boot kwa kawaida hutumia Logback. Lakini aliyesaka neno log4j na namba 2.14.1 alipata nyekundu kila mahali. Wapo waliofuata ushauri wa dharura na kuing'oa klasi ya JndiLookup kutoka ndani ya JAR. Hao nao waliendelea kuonywa, kwa sababu jina la faili halikubadilika. Na wapo waliokuwa na JAR kubwa iliyomeza log4j-core ndani yake, klasi zikiwa zimehamishiwa humo na pengine kubadilishwa majina ya vifurushi. Hao chombo kinachosoma majina ya mafaili kiliwapa kijani. Kipofu wa yaliyomo humpigia kelele asiye na hatia na humwacha mwenye hatia apite, kwa upofu ule ule. Mtu akikuambia ameondoa maonyo ya uongo kwa kulegeza masharti ya kulinganisha majina, muulize amefungua mlango kwa JAR ngapi za aina ya pili.

Swali la tatu, baada ya jina na toleo, ndilo gumu zaidi: tundu lipo kweli, lakini je, programu yangu hulifikia? Chukua CVE-2016-1000027 ya spring-web. Inahusu ukoo wa HttpInvoker, ambao hupokea vitu vya Java kupitia mtandao na kuvifumbua. Hatari ipo ukiuweka mbele ya watu usiowaamini. Timu ya Spring haikuuondoa katika mfululizo wa 5 ili isiwavunjie waliokuwa wakiutumia ndani ya mitandao yao. Ulitoka rasmi katika toleo la 6.0, Novemba 2022. Katika kipindi hicho kirefu, mradi wowote wenye spring-web 5 uliweza kuonywa kwa ukali wa 9.8 kati ya 10, hata kama wenye mradi hawajawahi kulisikia jina HttpInvoker. Je, hilo ni onyo la uongo? Msimbo wenyewe upo kwenye diski, toleo ni sahihi, jina ni sahihi. Mwanasheria atasema ni kweli. Mhandisi mwenye kazi nyingine saba za kufanya leo atasema ni uongo, na mimi naegemea kwa mhandisi.

Upande wa JavaScript, mwaka 2021 Dan Abramov, wakati huo akiwa katika timu ya React, aliandika ukosoaji mkali wa npm audit, amri iliyoingia na npm 6 mwaka 2018. Hoja yake: mradi mpya wa create-react-app, kabla hujaandika mstari wako wa kwanza, ulikuwa tayari na maonyo yaliyohusu vifurushi vinavyofanya kazi kwenye kompyuta ya msanidi wakati wa ujenzi tu. Mengi yalikuwa ya ruwaza ambayo ikilishwa maandishi ya hila huchukua muda mrefu mno kujibu. Lakini maandishi yanayolishwa hapo ni mipangilio yako mwenyewe. Mshambuliaji angelazimika kuwa wewe.

Nakubaliana naye, ila kwa sharti moja ambalo naona wengi wanaomnukuu hulisahau. Si busara kuhitimisha kwamba vifurushi vya ujenzi havina hatari. Julai 2018 toleo la 3.7.2 la eslint-scope lilipandikizwa msimbo wa kuiba vitambulisho vya npm vya wasanidi, na hicho ni kifurushi cha ujenzi hasa. Tofauti iko kwenye aina ya ubaya. Udhaifu huhitaji mtu wa nje akuletee data ya hila, na kwenye hatua ya ujenzi mtu huyo mara nyingi hayupo. Msimbo wa kihalifu hauhitaji mtu wa kuuletea kitu: ukisakinishwa, umeshafanya kazi yake. Kuweka --omit=dev kwenye npm audit ni sawa kwa aina ya kwanza, na ni upofu kwa ya pili.

Jibu bora nililoliona kwa swali la kufikika ni govulncheck ya lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2022. Hifadhidata yake hutaja hadi majina ya vitendakazi vyenye tundu, na chombo huchora ramani ya nani anamwita nani kuanzia kwenye msimbo wako, kisha kukuonyesha njia inayofika kwenye tundu. Kama njia haipo, hukuambia kwamba kifurushi kipo lakini hukiiti, na hakipigi kelele. Hata hivyo nacho kina mipaka: miito inayopitia violesura hukisiwa kwa upana, kwa hiyo njia isiyokuwepo inaweza kuonekana ipo, na miito inayopitia rifleksheni hakiioni kabisa. Waliokitunga wameyaandika hayo. Java, yenye mazoea ya kuunda vitu kwa rifleksheni kila kona, haiwezi kunakili mbinu hiyo kirahisi.

Wakati mwingine chombo hakina kosa lolote, yenye kosa ni hifadhidata. Agosti 2023 Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, aligundua kwamba hitilafu ndogo ya namba katika chaguo la kusubiri kabla ya kujaribu tena, iliyokwisha kurekebishwa mwaka 2019, ilikuwa imesajiliwa kama CVE-2020-19909 na kupewa ukali wa 9.8. Baada ya malalamiko alama ikashushwa hadi 3.3. Mwanzoni mwa 2024 mradi wa curl ukapata mamlaka ya kusajili CVE zake wenyewe. Mwaka huo huo Fedor Indutny, mwenye kifurushi cha ip cha Node.js, aliamua kulifungia ghala lake lisibadilishwe tena, akiwa amechoshwa na watu waliomjia na ripoti za npm audit kuhusu CVE aliyoona imekuzwa kupita kiasi. Gharama ya onyo la uongo haiishii kwa anayelipokea.

Gharama hiyo inapimikaje? Fanya hesabu ya kubuni. Mradi una vifurushi 1,000. Viwili vina tundu linalokugusa kweli. Chombo hakikosi kuvikamata hivyo viwili, na hukosea kwa asilimia 2 tu ya vilivyo safi. Hiyo ni sifa ambayo muuzaji yeyote angeitangaza kwa fahari. Asilimia 2 ya 998 ni kama 20. Utapata maonyo 22, na 2 tu ndiyo ya kweli: moja kati ya 11. Stefan Axelsson alionyesha mtego huo kwa vyombo vya kugundua uvamizi wa mitandao mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinachotafutwa kikiwa adimu, hata kosa dogo hufunika ukweli.

Google, katika makala ya mwaka 2018 kuhusu vichambuzi vyao vya msimbo, walichagua kipimo ninachokipenda: onyo linahesabiwa ni la uongo kama msanidi aliyeliona hakuchukua hatua yoyote ya maana, hata kama kimantiki lilikuwa sahihi. Kwa kipimo hicho walidai kiwango kisizidi asilimia 10. Watu wa Coverity, watengenezaji wa kichambuzi cha msimbo, walikwisha kuandika mwaka 2010 kwamba kikipita asilimia 30, watumiaji huacha kukiamini chombo, na kosa halisi ambalo maelezo yake ni magumu huishia kupewa jina la onyo la uongo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Mapema 2024, maktaba ya kubana data ya xz, toleo la 5.6.0, iliyokuwa na mlango wa siri ndani yake, ilisababisha malalamiko ya chombo cha Valgrind kwenye majaribio ya watu. Yalichukuliwa kama kelele za kiufundi, na toleo la 5.6.1 likatoka likidaiwa kuyarekebisha. Mhandisi Andres Freund, alipokuwa akichunguza kwa nini kuingia kwa SSH kumekuwa kuzito kwa nusu sekunde, aliyakumbuka malalamiko yale na kuunganisha mambo. Tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu kuhusu mlango huo.

Kwa timu ndogo, na nyingi za kwetu ni ndogo, ninachoshauri ni kutoruhusu ubashiri uvunje ujenzi. Kinachofaa kuuvunja ni onyo jipya lililoingia na badiliko la leo, kwa kuwa aliyelileta bado anakumbuka alichofanya. Rundo la zamani lipewe siku yake. Vichambuzi vya vitegemezi visivyotumika visivunje ujenzi kabisa hadi orodha ya visivyohesabiwa iwe imeandikwa: starter zote, Lombok, viendeshi, na kila kinachoitwa kwa jina la maandishi ndani ya mipangilio.

Kunyamazisha onyo nako kuna ufundi wake. Mfumo wa VEX, uliokuzwa nchini Marekani pamoja na orodha za vipengele vya programu, humpa anayesema haathiriki orodha ya sababu za kuchagua: kipengele hakipo, msimbo wenye tundu haupo, upo lakini hauko kwenye njia inayoendeshwa, mshambuliaji hawezi kuutawala, au kinga tayari imewekwa. Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuidai, na ndiyo inayooza upesi zaidi: mwenzako akiongeza mwito mmoja Jumatatu, si kweli tena Jumanne. Ndiyo maana kila kunyamazisha kwa sababu hiyo kunahitaji tarehe ya mwisho. Kwenye Dependency-Check nafasi ya kuiandika ipo tayari, sifa inayoitwa until katika faili la kunyamazisha, na tarehe ikipita onyo hurudi lenyewe. Mafaili mengi ninayoletewa nikague hayana tarehe hata moja. Yana orodha ndefu ya namba za CVE, na penye nafasi ya maelezo pameandikwa tu kwamba onyo ni la uongo, bila kusema nani aliamua wala kwa kuangalia nini.